Biblia Iliyosomwa Mara Nne Katika Nchi Yetu

Wengi wenu mnamjua David Livingstone kama jina la somo la historia: Mzungu aliyetafuta chemchemi za mito. Wachache wanajua kwamba mahali alipopaandika kwa jina la «Bambarre» ni Kabambare yetu, na kwamba hapo, tangu mwezi wa saba 1870 hata mwezi wa pili 1871, alikaa bila kuweza kusafiri. Alikuwa na umri wa miaka 57. Katika kumbukumbu zake za safari aliandika kwamba wakati wote alipokuwa Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne.

Hesabu hiyo si ndogo. Sisi wakatekista tunajua jinsi wasomaji wanavyochoka wakifika kwenye sheria za kitabu cha Walawi, au kwenye orodha za koo katika Mambo ya Nyakati. (Ni kweli kwamba Biblia yake ya Kiprotestanti ilikosa vitabu saba tulivyo navyo sisi Wakatoliki; hata hivyo tusimpunguzie sifa kwa ajili hiyo.) Mtu anayerudia safari hiyo mara nne hana budi kuwa na njaa ya jambo fulani.

Livingstone alizaliwa Uskoti mwaka 1813, akawekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1840, akatumwa kusini mwa Afrika na Shirika la Kimisioni la London. Mwaka 1857 aliacha utumishi wa shirika hilo, akawa msafiri. Alifika Kabambare mwezi wa tisa 1869. Mwaka uliofuata alijaribu kwenda kuufikia mto Lualaba, lakini watu wake walikataa kumfuata, isipokuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Njiani matope na maji yakamla miguu, vidonda vikachimbika, vikakataa kufunga. Wazee wetu huita ugonjwa huo kidonda-ndugu, kwa kuwa haumwachi mtu. Alirudi Kabambare, akalala. Dawa iliyomsaidia hatimaye ilikuwa lile jiwe la kijani la shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya wa ndege.

Na ni nani waliokuwa majirani zake katika miezi hiyo? Walikuwa wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa, waliotoka pwani kwa njia ya Ujiji. Mmoja wao, Mohamad Bogharib, alikuwa amemtunza kwa wema mkubwa tangu alipougua vibaya mapema mwaka 1869, hata kumbebesha kwa machela. Tunaoishi Kasongo na Kabambare pamoja na ndugu zetu Waislamu tunapaswa kulisema hilo bila kigugumizi: mchungaji huyu asingepona bila mkono wa Mwislamu. Tuseme pia kwamba mkono huo huo ulikuwa katika biashara ya watu. Na hata Kiswahili chetu tunachosalia leo, kile ambacho wageni walikiita Kingwana, kilifika katika nchi hii kwa njia ya misafara hiyo hiyo. Historia yetu haikubali kugawanywa kwa kisu.

Sasa tunafika penye mawazo ya msomaji mwenyewe. Livingstone aliamini kwamba Lualaba ni mwanzo wa Nili. Alikosea, maana Lualaba ndio Kongo. Lakini kwa imani hiyo alifikiri sana juu ya Musa. Alikuwa amesoma mapokeo ya kale yasemayo kwamba Musa, kabla ya kukimbia Misri, alipanda juu ya mto hata nchi za Meroe. Akiwa kitandani, aliota kugundua kwetu mabaki ya mawe au majengo ya kale yatakayothibitisha historia takatifu, akaomba Mungu amwongoze kwenye mabaki hayo.

Tunakiri kwamba jambo hili linatushangaza. Mtu amelala Kabambare, kitabu cha Kutoka kimefunguliwa mbele yake, anatafuta alama za Musa katika mawe. Na nje ya mlango wake wanapita watu waliofungwa minyororo. Farao alikuwa pale pale, na wana wa Israeli pia.

Lakini tusiharakishe kumhukumu, kwa sababu mtu huyo aliyeota mawe ndiye aliyeandika habari za mateka wa Said bin Habib. Watu hao walikamatwa ng'ambo ya Lualaba. Walivumilia minyororo hata walipoona ule mto mpana umekuwa katikati yao na makwao. Ndipo wakakata tamaa. Ishirini na mmoja walifunguliwa, kwa kudhaniwa kwamba sasa hawawezi kurudi, wakatoroka mara moja. Wanane, pamoja na wengine wengi waliobaki katika minyororo, walikufa katika siku tatu baada ya kuvuka. Hawakuwa na homa wala kuhara. Livingstone alizungumza na wengi waliokuwa wanakufa hivyo, nao wakasema kwamba kinachouma ni moyo tu, wakiweka mkono mahali penyewe moyo ulipo. Mtoto wa kiume wa miaka kama kumi na miwili alibebwa, na alipokaribia kukata roho akalazwa kando ya njia. Naye alisema hana ugonjwa, ila moyo unamuuma. Wafanyabiashara walistaajabu: wanakufaje, nao wanakula vizuri na hawafanyi kazi? Livingstone, aliyekuwa daktari, aliandika kwamba huo ndio ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hii, nao ni kuvunjika moyo.

Zaburi zinasema juu ya watu waliokaa kando ya mito ya Babeli wakilia walipokumbuka kwao. Sisi hatuwezi tena kuisoma Zaburi hiyo bila kuiona Lualaba.

Miguu ilipopona alikwenda Nyangwe, katika Kasongo ya leo, akafika mwisho wa mwezi wa tatu 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino wa mmea. Alipenda kukaa sokoni, akiwatazama akina mama wakiuza samaki, chumvi, mafuta na vyungu. Tarehe 15 Julai watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe waligombana na muuzaji kwa ajili ya kuku, wakaanza kufyatua bunduki katikati ya umati. Wengi walikimbilia mitumbwi, wakazama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone hakuweza tena kusafiri na watu hao. Siku chache baadaye alirudi Ujiji, akaacha mto aliokuwa ameutafuta kwa miaka. Habari alizoziandika zilipofika Uingereza ziliongeza nguvu ya sauti zilizodai biashara hiyo ikomeshwe, na mwezi wa sita 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa ya Unguja. Livingstone alikuwa amekwisha kufa, mwezi mmoja kabla.

Katika mashirika yetu tunasoma Injili ya Jumapili, kisha tunaulizana inatuambia nini. Mara nyingi majibu hubaki Yerusalemu. Tunapendekeza kwamba safari hii kila kikundi cha vijana kisome sura tatu za kwanza za kitabu cha Kutoka, na mtu mmoja asimulie habari za mtoto yule aliyelazwa kando ya njia. Halafu wale wenye ndugu katika machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila waseme wanachokijua juu ya watoto wa umri ule ule. Mwongoza kikundi asikimbilie kufunga kwa sala kabla hawajamaliza kusema.

Mwaka 1876 Stanley alipita Kabambare. Anasimulia kwamba chifu mzee, Mwana Ngoi, alimwuliza kama alimjua yule mzee Mzungu. Stanley akajibu kwamba alimjua. Chifu akawaambia watu wake wasikie, akasema kwamba mara nyingi wafanyabiashara walipomtendea kwa ukali, mzee yule alisimama katikati yao na yeye. Kisha akauliza kama ni kweli amekufa.