Kabla ya bodaboda, waliozuiwa ni wenye magari

Mpe bodaboda wa Tandika safari ya Posta, atakuuliza kwanza kama leo wanakamata. Ana haki ya kuuliza. Tangu pikipiki za abiria ziruhusiwe na kanuni za leseni zake kutungwa mwaka 2010, amri za kuzuia bodaboda na bajaji kuingia katikati ya jiji zimetoka, zikalegezwa, zikatoka tena. Kila mara tunabishana kama vile jambo limeanza jana. Mji huu wa Dar es Salaam una desturi ya siku nyingi ya kuchagua nani aingie, na kwa chombo gani.

Wajerumani waliugawa kwa kanuni za ujenzi za 1891. Waingereza wakaacha uwanja wa Mnazi Mmoja uwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikajengwa kota za Ilala, Temeke na Magomeni, na mwaka 1949 ikaja kampuni ya mabasi ya DMT kuwafikisha watu kazini. Ilitaifishwa 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikachukua abiria wa jiji, KAMATA ikachukua wa mikoani. Jina hilo la pili limebaki pale Kamata, jirani na Gerezani, na vijana wengi wanadhani linahusu trafiki.

Kisa ambacho wakongwe hawachoki kukisimulia ni cha Jumapili. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979, na vita vya Kagera vikamaliza fedha za kigeni zilizokuwapo. Katika miaka hiyo serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, mpaka Jumatatu alfajiri. Asiye na kibali alilaza gari popote saa nane ilipomkuta. Aliyekwenda kumsalimia shangazi yake Kinondoni alikula wali jicho likiwa kwenye saa, kwani akichelewa atalala huko huko au arudi Temeke kwa miguu. Kwa mara moja katika historia ya Dar es Salaam, mwenye Benzi na mwenye kandambili walikuwa sawa barabarani. Nakiri kisa hiki kinanifurahisha kuliko inavyofaa, maana katika marufuku zote tulizowahi kuwekewa, hii ndiyo iliyomgusa mkubwa.

Siku nyingine za wiki aliyeumia alikuwa mtu wa pembezoni. Mabasi ya UDA yaliharibika na vipuri havikuwapo. Wenye pikapu wakaanza kubeba watu kwa kificho: mabenchi mawili nyuma, abiria wanatazamana kama walioketi kwenye mgahawa wa asubuhi, ndiyo maana zikaitwa chai maharage. Wanasimulia kwamba polisi akisimamisha gari, wote waliomo waligeuka ndugu wa dereva, wanakwenda msibani. Mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe, ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Makonda wakaita nauli kwa jina la sarafu ya shilingi tano: dala, dala!

Mtafiti Matteo Rizzo, aliyeandika kitabu kizima kuhusu usafiri wa jiji hili mwaka 2017, anasisitiza jambo ambalo abiria tunalisahau tukiwa tumebanwa mlangoni: dereva na konda walikuwa vibarua wasio na mkataba, wakidaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, na pembeni yao deiwaka akisubiri wachoke ashike zamu. Mwendo wa fujo tunaoulaani ulianzia kwenye hesabu hiyo. Bodaboda wa leo mwenye pikipiki ya tajiri anaujua mzigo huo vizuri.

Yaliyofuata tumeyaona wenyewe. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni, na daladala za njia hiyo zikaondolewa. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianzishwa 2017, ikaja kurithi ushuru wa maegesho. Risiti ya karatasi iliyochomekwa kwenye waipa ikageuka deni linalosoma kwenye simu.

Sipingi mji kuwa na utaratibu. Mtaa wa Samora hauwezi kumeza kila gari la Mbezi, Mbagala na Tegeta. Lakini tazama soko la samaki la Feri alfajiri. Mchuuzi wa samaki kutoka Temeke anatoka mnadani na ndoo mbili zinazovuja maji, barafu inayeyuka, na kwenye basi lililojaa hakuna anayetaka kusimama karibu naye. Chombo kinachomfaa ni bajaji, na bajaji ndiyo inayofukuzwa. Wakubwa wanaoandaa amri ijayo waende kwanza pale saa kumi na mbili asubuhi, wamuulize atapita wapi.