Hesabu za Mjini na Hesabu za Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa mlimani. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Kariakoo, nacho kilifundisha sheria peke yake. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na masomo ya sayansi yakaanza mwaka 1965. Hivyo hisabati ya chuo haikupata kukaa jirani na soko.

Hasara hiyo si ndogo. Sokoni mchuuzi alipima pishi ya vibaba 4, akataja nusu, theluthi, robo na thumni pasipo kutafuta neno. (Thumni ni sehemu ya nane, ingawa sarafu iliyoitwa hivyo ilikuwa nusu shilingi!) Mlimani mambo hayo yalisemwa kwa Kiingereza. Mwaka 1966 kikaundwa Chama cha Hisabati Tanzania, wahadhiri na walimu wa shule wakapata pa kukutania. Lakini tangu 1967 shule za msingi zilipogeukia Kiswahili, mwalimu aliyejifunza hesabu kwa Kiingereza alilazimika kuzifundisha kwa lugha ya mchuuzi yule. Chuoni somo hilo lingali likifundishwa kwa Kiingereza.