Tumba Francesa: Wafaransa Wasio Wafaransa wa Kuba

Mashariki mwa Kuba, katika miji ya Santiago de Cuba na Guantánamo, kuna mchezo uitwao tumba francesa, yaani ngoma ya Kifaransa. Kama lilivyo neno letu ngoma, tumba ni chombo, ni mchezo, na ni mkusanyiko wenyewe. Ila neno la pili humpotosha msomaji, kwani walioileta ngoma hiyo hawakuwa Wafaransa. Walikuwa Waafrika na vizazi vyao, watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti.

Mwaka 1791 watumwa wa koloni hilo waliasi. Mabwana wengi walivuka bahari kwenda Kuba pamoja na watumwa wao, wakafungua mashamba ya kahawa milimani. Wenyeji wakawaita wote Wafaransa, bwana na mtumwa. Jina la bwana likawaganda watumwa, na ngoma yao nayo.

Mwimbaji kiongozi huitwa composé, neno litokanalo na Kifaransa, lenye maana ya kutunga. Huanza peke yake, kwa Krioli yenye asili ya Haiti au kwa Kihispania. Akitoa ishara, catá, yaani gogo lililochimbwa ndani na kupigwa kwa vijiti, hushika mapigo. Kisha ngoma tatu huingia, na wanawake huitikia huku wakitikisa kayamba za bati. Katika masón, wachezaji huiga dansi za kumbi za Wafaransa, wanawake wakivaa magauni marefu ya enzi za ukoloni na kushika vitambaa vya rangi. Katika yubá adabu za ukumbini huisha, mchezaji hubuni hatua zake huku ngoma zikipamba moto. Wapo wanaoiona masón kuwa kasumba tu. Mimi sikubaliani nao: amwigaye bwana mbele ya watumwa wenzake huwa pia na nafasi ya kumcheka.

Utumwa ulifutwa Kuba mwaka 1886. Wengi walihamia mijini kutafuta kazi, na vyama vya tumba vikakua huko. Watoto wao walizungumza Kihispania, Krioli ya wazee ikabaki zaidi nyimboni. (Krioli izungumzwayo katika baadhi ya familia za Kuba leo ilitokana zaidi na Wahaiti waliokwenda kukata miwa katika karne ya 20.) Hapa ndipo penye swali kwetu walimu wa lugha. Wimbo waweza kuhifadhi matamshi na msamiati kwa miaka mia mbili, lakini composé asiyeimudu Krioli atarudia tungo za marehemu, na kila jipya atalitunga kwa Kihispania.

UNESCO iliitambua tumba francesa mwaka 2003 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Vyama vilivyodumu ni vitatu: La Caridad de Oriente cha Santiago de Cuba, Santa Catalina de Ricci cha Guantánamo, na Bejuco cha Sagua de Tánamo.