Somo la Historia: Walinzi wa Anga wa New York na Kazi Yao Barafuni

Sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: jimbo, gavana, ncha. Jimbo ni sehemu ya nchi yenye serikali yake. Gavana ni mkuu wa jimbo. Ncha ni mwisho wa kitu, kama ncha ya sindano. Na dunia yetu ina ncha mbili, ya Kaskazini na ya Kusini.

Mwaka 1999 daktari mmoja wa Marekani, Bibi Jerri Nielsen, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha wataalamu kilichoko Ncha ya Kusini. Kituo hicho kimejengwa juu ya barafu yenye unene wa karibu mita 2,700. Siku zile, tangu mwezi wa Februari mpaka mwisho wa Oktoba, ndege hazikutua huko kwa sababu ya baridi na giza. Katika miezi hiyo Bibi Nielsen aliona uvimbe katika titi lake. Yeye ndiye aliyekuwa daktari wa pekee kituoni. Mwezi wa Julai ndege ya jeshi ilipita gizani ikamwangushia dawa kwa miavuli, bila kutua. Alijitibu mwenyewe, akisaidiwa na wenzake ambao hawakuwa waganga. Lakini ugonjwa ulikuwa kansa, naye alihitaji hospitali. Je, nani aliweza kwenda kumchukua?

Waliokwenda ni watu wa Kikosi cha 109 cha Walinzi wa Anga wa Jimbo la New York. Leo tutajifunza habari zao.

Kwanza tujue walinzi hawa ni watu gani. Marekani ina jeshi la anga la nchi nzima, na pia kila jimbo lina walinzi wake. Wengine kati yao ni askari wa kila siku, lakini wengi ni raia wenye kazi zao: mwalimu, fundi wa magari, karani, mkulima. Kwa kawaida hujifunza kazi ya askari siku mbili za mwisho wa juma kila mwezi, na majuma mawili kila mwaka. Nao wana wakubwa wawili. Likitokea jambo jimboni, gavana huwaita. Likitokea jambo la nchi nzima, Rais huwaita. Mwaka 2011, mafuriko yalipoharibu nyumba na barabara katika Jimbo la New York, walinzi walitumwa kuwasaidia majirani zao wenyewe.

Kikosi chetu kilianza mwezi wa Novemba 1948 katika uwanja wa ndege wa Schenectady, mji unaojulikana kwa viwanda vya mitambo ya umeme na injini za treni. Mwanzoni kazi yake ilikuwa vita. Walirusha ndege ndogo za kupigana, kwanza zile za mapanga, kisha za jeti. Mwaka 1960 ndege hizo ziliondolewa, wakapewa ndege kubwa za kuchukua mizigo. Mwaka 1961, Marekani na Urusi zilipogombana juu ya mji wa Berlin, watu wa kikosi waliitwa wakaacha kazi zao za nyumbani karibu mwaka mzima. Mwaka 1971 kazi ikabadilika tena, wakapewa ndege ndogo za kuchunguza adui.

Fikirini hali ya fundi wa kikosi hicho. Alikwisha kuijua injini moja, akaambiwa, “Hiyo basi, jifunze nyingine.” Mtu mzima, mwenye mke na watoto, amechoka kwa kazi ya mchana, akarudi kukaa darasani kama mtoto. Ninyi mnaonisikiliza jioni hii mnaijua hali hiyo kuliko mimi.

Mwaka 1975 ndipo ilipokuja kazi iliyowapa jina. Walipewa ndege za C-130 zenye injini nne na zenye ski. Ski ni kama mbao ndefu zilizopinda mbele, ambazo huteleza juu ya theluji. Ski kubwa za ndege hizo zina urefu wa karibu mita sita. Kazi yao ilikuwa kupeleka mafuta na chakula katika kisiwa cha Greenland, upande wa kaskazini, ambako Marekani ilikuwa na mitambo ya rada juu ya barafu, ikitazama kama ndege za Urusi zinakuja.

Kutua barafuni si jambo jepesi. Hakuna barabara ya lami. Ardhi ni nyeupe na mbingu ni nyeupe, hata rubani hawezi kujua iko wapi chini. Tena barafu ina nyufa ndefu zilizofunikwa na theluji. Mwaka 1998, huko Antaktika, ndege moja ya kikosi iliingia upande mmoja katika ufa wa namna hiyo. Waliomo walitoka salama, nayo ndege ikachimbuliwa na kuondolewa.

Baadaye rada za Greenland zilifungwa, lakini ujuzi haukutupwa. Wataalamu walikuwa wakichimba barafu ya kisiwa hicho ili kujua hali ya hewa ya zamani, maana theluji ya kila mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliotangulia, kama kurasa za kitabu. Mwaka 1993 walifika chini zaidi ya mita 3,000. Kikosi cha 109 kiliwachukulia watu na mizigo.

Tangu mwaka 1988 kikosi kilianza pia kwenda Antaktika, kusaidia Jeshi la Maji la Marekani, ambalo ndege yake ilitua Ncha ya Kusini mara ya kwanza mwaka 1956. Kisha serikali iliamua ndege zote za ski ziwe chini ya kikosi kimoja. Mwaka 1999 Jeshi la Maji liliwaachia kazi hiyo watu wa Schenectady.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Kikosi hakikungoja mwisho wa Oktoba. Tarehe 16 Oktoba 1999 ndege yao ilitoka kituo cha McMurdo, kwenye pwani ya Antaktika, ikaruka zaidi ya kilometa 1,300 mpaka Nchani. Baridi ilikuwa karibu nyuzi 50 chini ya sifuri. Mnajua mafuta ya nazi yanavyoganda asubuhi ya baridi. Katika baridi ile hata mafuta ya ndege huanza kuwa mazito. Kwa hiyo injini hazikuzimwa. Ndege ilitua, Bibi Nielsen akapanda, daktari mwingine akashuka kushika nafasi yake, ndege ikaruka. Alitibiwa kwao, akaishi miaka kumi zaidi. Ugonjwa ulirudi, akafa mwaka 2009.

Miaka kumi si kidogo kwa mtu aliyekwisha kuhesabu siku zake. Aliipata kwa sababu fulani katika mji wa Schenectady, miaka 24 kabla ya hapo, watu wazima walikubali kuanza upya kujifunza kazi wasiyoijua.

Maswali ya kuandika daftarini:
1. Ni nani wawili wanaoweza kuwaita walinzi hawa?
2. Taja kazi tatu tofauti ambazo kikosi kilifanya tangu mwaka 1948.
3. Kwa nini injini za ndege hazikuzimwa Nchani?
4. Wewe umewahi kuacha kazi uliyoizoea na kujifunza nyingine? Andika sentensi tano.

Mwalimu atayasahihisha majibu yenu. Kwa herini, mpaka somo lijalo.