Aberdare: Mbuga ya Malkia, Msitu wa Kimathi

Mvutano kuhusu barabara ya kutoka Ihithe, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, hadi Ndunyu Njeru upande wa Nyandarua umeirudisha safu ya milima ya Aberdare vinywani mwa watu. Wakazi wamechoka kuuzunguka mlima ili kufikiana. Watetezi wa mazingira nao wanasema lami itaupasua msitu wa mianzi na nyanda za juu inakoanzia mito, na kesi imefika mahakamani. Ihithe, kwa wasiojua, ndiko alikozaliwa mwanamazingira Wangari Maathai mwaka 1940.

Safu hii, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua, ilibandikwa jina la Lord Aberdare na Mskoti Joseph Thomson mwaka 1884. Sehemu yake ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1950.

Kisa kinachosimuliwa mno ni cha Treetops, nyumba ya wageni ambayo Eric Sherbrooke Walker aliijenga juu ya mgumo mwaka 1932. Tarehe 5 Februari 1952, Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, na mumewe Philip walifika kwa miguu. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa simbamarara wa India aliyehamia Nyeri uzeeni, alikuwapo, na kijitabu chake kuhusu siku ile kilichapishwa 1955. Anasimulia kwamba foronya nyeupe ilikuwa ikipepea juu ya paa, ishara ya hatari: tembo walikuwa karibu na mti. Wageni hawakurudi nyuma. Walisogea kimya kimya hadi kwenye ngazi, wakapanda. Usiku ule baba yake Elizabeth, Mfalme George wa Sita, akafariki Uingereza, naye akawa malkia. Wengi husema Elizabeth aliambiwa akiwa juu ya mti. Si kweli. Alikuwa ameshaondoka asubuhi, na habari zikamkuta Sagana.

Kisa hakikuishia hapo. Miezi minane baadaye hali ya hatari ilitangazwa, na Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza Treetops. Wakati huo ndege za Lincoln za jeshi la Uingereza zilikuwa zikiudondoshea msitu mabomu. Mbuga ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano, nayo serikali iliyoitangaza ndiyo iliyoilipua, wanyama wakijeruhiwa pamoja na watu. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa pembezoni mwa msitu huo Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari iliyofuata. Treetops ilijengwa upya mwaka huo huo wa 1957.

Kwa miaka mingi mgeni ameuziwa usiku mmoja wa binti mfalme, huku miaka ya wapiganaji walioishi kwenye baridi ile ikitajwa kwa kupitia tu. Hilo ni aibu yetu, si ya Waingereza.

Mambo ya baadaye ni machache: uzio wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika 2009, ulipunguza ugomvi wa tembo na mashamba, Treetops ikafungwa 2021.

Anayekwenda leo atakuta maporomoko ya Karuru, yenye urefu wa mita 273 kwa ngazi tatu, na mbega kwenye miti yenye ukungu. Bongo, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe, ni wa bahati. Kilele cha Lesatima kinapita kidogo mita 4,000. Mvua ikinyesha, gari lisilo na magurudumu manne ya kuvuta halifai. Matope ya huko hayana mzaha.