Jinsi kompyuta inavyosoma herufi za chapa na za mkono

Kompyuta haisomi kama asomavyo binadamu. Karatasi ikipitishwa kwenye skana, mashine huona nukta nyeusi na nyeupe tu. Programu maalumu ndiyo itenganishayo mistari, kisha herufi moja moja, na kulinganisha umbo la kila herufi na mifano iliyokwisha kuhifadhiwa.

Kwa maandishi ya chapa kazi hiyo ni nyepesi, ingawa wino ukififia, herufi "rn" husomeka "m". Hapo programu hutegemea kamusi. Tatizo ni kwamba iliyozoeshwa Kiingereza pekee, ikikutana na Makongolosi, mji wa wachimbaji dhahabu wilayani Chunya mkoani Mbeya, huweza "kusahihisha" jina ambalo halikuwa na kosa lolote.

Mwandiko wa mkono ni mgumu zaidi, kwa kuwa kila mtu ana wake na herufi hushikana. Ndiyo sababu fomu nyingi huwa na visanduku, tarakimu moja kila kisanduku. Tanzania ilitumia skana kusoma madodoso ya Sensa ya Agosti 2002, iliyohesabu watu milioni 34.4. Katika kazi ya namna hiyo, 1 yenye kichwa kirefu ikisomwa 7, mtoto wa mwaka mmoja huwa wa kwenda shule. Kwa hiyo tarakimu ambayo programu haina hakika nayo huoneshwa mtu kwenye kioo, naye huamua.

Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi, majibu yakaingizwa papo hapo. Rejista za zamani zilizoandikwa kwa kalamu zingali zikihitaji skana, na jicho la mtu.