Shule Katika Nchi ya Chai

Ukitaka kujua jinsi watu walivyopangwa kwa madaraja katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, tazama nyumba kabla ya mashamba. Meneja alikaa katika nyumba kubwa yenye bustani. Karani alipewa nyumba ndogo ya heshima. Mchumaji alipata chumba katika safu za kambi. Madaraja hayo hayakuletwa na mvua.

Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, katika nchi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa sehemu yake kubwa. Mikono mingi ikahitajiwa, hata ya watoto. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Kenya, ikashauri Mwafrika afundishwe zaidi kilimo, ufundi na afya. Huenda ushauri huo ulitolewa kwa nia njema. Lakini jiulize: ni nani aliyefaidika na kijana aliyefundishwa jembe, asifundishwe hesabu za kampuni? Mwaka 1942 serikali iliwalazimisha watoto wa Kizungu kuhudhuria shule. Watoto wa wachumaji hawakuwekewa sharti hilo.

Wafuasi wa Karl Marx husema kwamba katika jamii ya matabaka shule humfunza mtoto, na papo hapo humzoeza kukubali mahali pake. Wamarekani Samuel Bowles na Herbert Gintis walilieleza jambo hilo kwa urefu mwaka 1976. Fikiri mwenyewe: kengele ya shule na king'ora cha kiwanda, mstari wa asubuhi na mstari wa mizani, mwalimu na mnyapara. (Mimi ni mwalimu, na mfano huu haunipendezi.)

Walakini wanazuoni hao hawasemi yote. Shule ya serikali ya Kabianga ilitoa walimu na makarani, na wazazi walioona hayo waliuza ng'ombe ili wasomeshe watoto. Baada ya Tume ya Ominde ya 1964 ukuta wa rangi ulibomolewa shuleni. Ukuta wa fedha ukabaki. Karo ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa mwaka 1974, michango ya majengo ikaingia mahali pake. Mwaka 2003 karo ya shule zote za msingi za serikali ilifutwa, lakini sekondari ya bweni bado huuliza mfuko wa mzazi.

Mei 2023 mashine za kuchumia chai ziliteketezwa Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyang'anya kazi. Meneja hakuhofia mashine hiyo, wala karani.